Elektroni ya Nje: Utangulizi wa Somo la Metali Alikali

Ukipita soko la Arusha au Moshi utayakuta magadi yamewekwa chini, kwenye gunia lililokunjwa mdomo, jirani na dagaa na maharage. Ni mabonge meupe yenye doa la kijivu hapa na pale. Muuzaji anayapima kwa kopo, na mnunuzi hahitaji maelezo: kipande kidogo kwenye sufuria ya makande, na mahindi yaliyogoma kuiva tangu asubuhi yanaanza kulainika. Wauza ugoro nao huyachanganya na tumbaku.

Katika kila kilo moja ya magadi safi, gramu 300 hivi ni sodiamu. Na sodiamu ni metali kamili. Inang'aa kama fedha, inapitisha umeme, ukiigonga inabonyea bila kuvunjika. Watu wamechota magadi kwenye Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya kwa vizazi na vizazi, lakini hakuna aliyewahi kuokota hata punje moja ya metali yenyewe. Mchimbaji wa Geita akibahatika huiona dhahabu ikiwa dhahabu. Sodiamu kwenye udongo, maziwa na bahari ya dunia hii huikuti ikiwa sodiamu tupu. Daima imeshaungana na kitu kingine.

Swali la kwa nini iko hivyo ndilo mlango ninaopenda kuwaingizia wageni katika kemia. Karibu, basi. Huhitaji kuwa umesoma sana. Unahitaji kuwa tayari kufanya hesabu kidogo za kujumlisha na kutoa, kama mtu anayefunga daftari la duka jioni.

Kwanza majina, maana yana hadithi yake. Neno alikali limetoka kwenye Kiarabu, al-qaly, majivu ya mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi. Watu wa kale waliyaloweka majivu hayo, wakachuja, wakapata maji yanayoteleza vidoleni na kuondoa mafuta. Ndiyo asili ya sabuni. Alama ya sodiamu ni Na, kutoka jina lake la Kilatini, natrium, lenye undugu na jina la Ziwa Natron. Potasiamu ina alama K, kutoka kalium, ambalo chimbuko lake ni lile lile qaly la Waarabu. Kamusi zetu nyingine huiita potasiamu kwa jina la kali, na wanafunzi hudhani imeitwa hivyo kwa ukali wake. Neno letu la Kibantu halina uhusiano wowote na majivu ya Waarabu, lakini kwa mara hii maneno mawili yasiyojuana yamekutana mahali panapostahili.

Ukoo wenyewe una watu sita: lithiamu, sodiamu, potasiamu, rubidiamu, sesiamu na fransiamu. Kwenye Jedwali la Elementi wamepangwa safu ya kwanza kushoto, kutoka juu kwenda chini kwa mpangilio huo.

Mara ya kwanza kuiona sodiamu nilikuwa mwanafunzi. Mwalimu alitoa chupa ya kahawia, ndani yake mafuta ya taa, na ndani ya mafuta kulikuwa na bonge lenye ganda la rangi ya majivu, halivutii hata kidogo. Akalitoa kwa koleo, akalikausha kwenye karatasi ya kunyonya, akaliweka kwenye kigae na kulikata kwa kisu cha kawaida cha jikoni. Kisu kilipita kama kwenye siagi iliyotoka kwenye friji. Uso uliokatwa uling'aa kama kioo kipya, na kabla hatujasogea wote karibu ukaanza kufifia mbele ya macho yetu: ukungu mwembamba, kisha weupe mchafu. Hewa ya chumba, yenye oksijeni na mvuke wa maji, ilikuwa imeshaanza kazi.

Akakata kipande cha ukubwa wa punje ya dengu, akakidondosha kwenye karai la maji aliyoyatia matone machache ya fenoftaleini, dawa inayogeuka waridi penye alikali. Kipande hakikuzama, kwa sababu sodiamu ni nyepesi kuliko maji. Kiliyeyuka kikawa tone la mviringo linalong'aa, kikaanza kukimbia huku na huku juu ya maji kikifoka, na kila kilipopita kiliacha mkia wa waridi. Waridi hiyo ilikuwa alikali inayozaliwa. Mfoko ulikuwa hidrojeni. Tone lilipungua, likapungua, likatoweka kwa mlio mdogo. Maji yakabaki ya waridi na ya uvuguvugu. (Jambo hili lisifanywe nyumbani, wala maabara bila mwalimu na miwani ya kinga. Moto wa sodiamu ukizuka hauzimwi kwa maji. Huzimwa kwa mchanga mkavu.)

Sasa tuulize kilichotokea.

Jibu linalokaririwa madarasani ni kwamba sodiamu ina elektroni moja kwenye tabaka lake la nje, na inataka kuitoa ili ifanane na neoni, elementi tulivu. Nimesahihisha jibu hilo kwenye karatasi nyingi za mtihani na nimelipa alama, maana nusu yake ni kweli. Nusu ya pili inanisumbua. Atomu haitaki kitu. Na hata tukikubali kusema kwa mafumbo, fumbo hili linapotosha: kuitoa elektroni hiyo kunagharimu nishati. Kwa gramu 23 za atomu za sodiamu, kiasi ambacho wanakemia hukiita moli moja, unalipa kilojuli 496. Ukiiweka atomu ya sodiamu peke yake kwenye ombwe, mbali na kila kitu, itakaa na elektroni yake milele. Hakuna haraka, hakuna hamu. Basi ule ukali wote unatoka wapi?

Unatoka kwenye bei ya elektroni hiyo ikilinganishwa na malipo yanayopatikana upande wa pili wa biashara. Hilo ndilo ningependa msomaji aondoke nalo, na yanayofuata ni maelezo yake.

Tuanze na bei. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 kwenye kiini na elektroni 11 kukizunguka, zilizopangwa kwa matabaka: mbili ndani kabisa, nane zinazofuata, na moja nje. Umewahi kufika mkutano wa hadhara umechelewa, ukasimama nyuma ya umati? Mzungumzaji yuko jukwaani, sauti ni ile ile, lakini vichwa vilivyo mbele yako vinaikinga. Elektroni ya nje iko hivyo. Kati yake na kiini kuna elektroni kumi zenye chaji hasi, na hizo zinakinga sehemu kubwa ya mvuto wa protoni. Badala ya kuvutwa na protoni 11, inavutwa kana kwamba ziko mbili hivi. Tena iko mbali, na nguvu ya umeme hupungua haraka umbali unapoongezeka.

Jirani yake kwenye Jedwali, neoni, ina protoni kumi, pungufu moja tu, lakini kuing'oa elektroni yake kunadai kilojuli 2,081. Elektroni zote za nje za neoni ziko kwenye tabaka la pili, karibu na kiini, na hazikingani vizuri. Na ukiwa umeshaichukua elektroni ya nje ya sodiamu, jaribu kuchukua ya pili: 4,562. Ni zaidi ya mara tisa ya bei ya kwanza. Ndiyo maana sodiamu hutoa elektroni moja na kusimama hapo. Kwenye magadi, kwenye chumvi, kwenye damu na kwenye maji ya bahari, sodiamu huwa na upungufu wa elektroni moja, si mbili.

Ukishuka safu, bei inazidi kuporomoka. Lithiamu 520, sodiamu 496, potasiamu 419, rubidiamu 403, sesiamu 376. Kila hatua inaongeza tabaka zima, elektroni ya nje inasogezwa mbali zaidi, na umati wa mbele unakuwa mnene zaidi.

Sasa malipo. Chukua sodiamu na klorini, uzikutanishe, upate chumvi ya mezani. Andika gharama kwanza. Kuzitenganisha atomu za sodiamu kutoka kwenye kipande cha metali: 107. Kuvunja molekuli za klorini ili upate atomu moja moja: 121. Kuing'oa elektroni: 496. Jumla 724. Upande wa mapato, klorini ikipokea elektroni inarudisha 349. Simama hapo uangalie daftari: bado una hasara ya 375. Ile hadithi ya sodiamu kutoa kwa hiari na klorini kupokea kwa furaha inafilisika katikati ya njia.

Kinachookoa biashara ni hatua ya mwisho. Ioni za sodiamu zenye chaji chanya na ioni za klorini zenye chaji hasi zinakaribiana, zinavutana, zinajipanga kwa safu na kwa ghorofa, kila ioni imezungukwa na sita za upande wa pili. Kujipanga huko kunarudisha kilojuli 787. Toa hasara ya 375, na faida ni 412. Hiyo ndiyo nishati inayotoka kama mwanga na joto sodiamu inapowaka ndani ya klorini. Punje ya chumvi jikoni ni deni lililokwisha kulipwa.

Ndani ya maji anayelipa ni maji yenyewe. Molekuli ya maji ina upande wenye uhasi kidogo, wa oksijeni, na maji huizingira ioni ya sodiamu yakiielekezea upande huo. Kukumbatiwa huko kunatoa kilojuli 406 hivi kwa moli. Elektroni nayo haipotei: inavunja maji na kuzaa hidrojeni. Daftari likifungwa, kila gramu 23 za sodiamu zilizoingia majini zimetoa kilojuli 184 za joto.

Hapa kuna mtego ambao hata walimu wazuri huingia. Tumesema bei inashuka kutoka lithiamu hadi sesiamu. Na kweli, lithiamu ikitiwa majini inatoa mapovu kwa upole, potasiamu inawaka papo hapo kwa mwali wa zambarau hafifu, sesiamu inalipuka. Mtu atahitimisha kwamba lithiamu inatoa nishati ndogo kuliko zote. Sivyo. Moli moja ya lithiamu ikimalizika majini inatoa kilojuli 222, kupita sodiamu, kupita potasiamu, kupita hata sesiamu. Elektroni yake ni ghali, lakini ioni yake ni ndogo mno, na maji yanaikumbatia kwa karibu na kwa nguvu kuliko ndugu zake wote. Kwa hesabu ya faida ya mwisho, mpole ndiye anayeongoza.

Kumbe nguvu na kasi ni mambo mawili. Lithiamu inayeyuka kwenye nyuzi 180 za selsiasi, joto ambalo maji ya karai hayawezi kulifikia, kwa hiyo inabaki kipande kigumu kinacholika taratibu kutoka nje. Sodiamu inayeyuka kwenye nyuzi 98, potasiamu kwenye 63. Hizo zinageuka tone mara tu mmenyuko unapoanza, na tone huwa na uso mpya kila wakati. Sesiamu ndiyo ya ajabu: nyuzi 28.5 zinatosha. Mchana wa Februari Dar es Salaam ingekuwa kimiminika ndani ya chupa yake iliyozibwa kwa moto, rangi yake ikikaribia dhahabu. Anayetengeneza betri anaipenda lithiamu kwa sababu hiyo hiyo ya faida ya mwisho: kwenye kipimo cha umeme cha maabara iko kwenye volti hasi 3.04, chini ya ndugu zake wote, tena ni nyepesi. Ioni zake ndizo zinazokwenda na kurudi ndani ya simu iliyo mfukoni mwako.

Tulijifunza haya kwa shida. Mnamo Oktoba 1807, katika maabara ya Royal Institution mjini London, Humphry Davy, kijana wa miaka 28, alikuwa akijaribu kuivunja potashi, alikali ya majivu, kwa umeme wa betri kubwa. Alipoiyeyusha katika maji alipata hidrojeni na oksijeni tu. Umeme uliishia kuyavunja maji. Akajaribu potashi ngumu iliyoloa kidogo tu, kiasi cha kuruhusu umeme upite. Vikaanza kujitokeza vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikiwaka moto mara vinapotokeza. Binamu yake Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia kwamba Humphry alirukaruka chumbani kwa furaha. Siku chache baadaye akaipata sodiamu kwa njia hiyo hiyo. Nadhani alistahili kurukaruka. Umeme wake ulikuwa umeirudisha elektroni mahali pake, kazi ambayo moto wa wahunzi, ulioweza kutoa chuma na shaba, haukuwa umeiweza.

Lithiamu ilitambuliwa na Johan August Arfwedson wa Sweden mwaka 1817. Sesiamu na rubidiamu ziligunduliwa na Bunsen na Kirchhoff mwaka 1860 na 1861 kwa kuutazama mwanga wa miali yao kupitia mche wa kioo. Fransiamu ilipatikana Paris mwaka 1939 na Marguerite Perey. Nusu ya atomu zake hutoweka kila baada ya dakika 22, hivyo hakuna aliyewahi kuishika mkononi.

Mtu anaweza kudhani kwamba baada ya miaka 200 hakuna jipya la kusema juu ya kipande cha sodiamu majini. Mimi pia nilidhani hivyo. Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba mlipuko unatokana na hidrojeni inayowashwa na joto. Lakini kulikuwa na tatizo: hidrojeni na mvuke vinavyotoka vingepaswa kuitenga metali na maji, kama tone la maji linavyocheza juu ya kikaango cha moto bila kukigusa, na mmenyuko ungejizima. Mwaka 2015 Philip Mason, Pavel Jungwirth na wenzao wa Prague walidondosha matone ya aloi ya sodiamu na potasiamu, ambayo ni kimiminika, kwenye maji na kuyapiga picha kwa kamera ya kasi kubwa. Katika chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde, kabla ya moto wowote, tone lilichomoza miiba pande zote kama nungunungu wa baharini.

Maelezo yao yanaturudisha kwenye elektroni ya nje. Elektroni zinatoroka kutoka kwenye tone kuingia majini kwa haraka mno, na metali inabaki na chaji chanya tupu. Chaji za aina moja husukumana. Tone linajipasua kutoka ndani, linatawanyika kuwa miiba, uso mpya unakutana na maji mapya, na hapo ndipo mmenyuko unapochachamaa. Niliitazama filamu hiyo mara nyingi siku niliyoipata, nikiwa na daftari langu la zamani la mihadhara mezani, na nikalisahihisha.

Elektroni hiyo hiyo ina tabia nyingine unazozijua tayari. Maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria na kudondokea mwali wa gesi, mwali wa buluu unageuka njano. Baadhi ya ioni za sodiamu zinapata tena elektroni ndani ya moto kwa muda mfupi, joto linaipandisha elektroni ngazi moja, nayo ikishuka inatoa mwanga wa nanomita 589. Ni njano ile ile ya taa za zamani za barabarani. Na elektroni ya nje ya sesiamu ndiyo iliyopewa kazi ya kutupimia wakati: tangu 1967 sekunde moja imekuwa mitikisiko 9,192,631,770 ya mwanga unaohusiana na kugeuka kwa elektroni hiyo.

Nimalizie pale tulipoanzia, kaskazini mwa Tanzania, kwa sababu kuna mahali pamoja hapo ambapo yote haya yameandikwa juu ya ardhi. Kusini mwa Ziwa Natron unasimama Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai. Ni volkeno hai ya pekee inayojulikana ambayo lava yake ina wingi wa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Lava ya kawaida hutoka na joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Hii hutoka kwenye nyuzi 500 na kitu, nyeusi, nyepesi kama mafuta machafu ya gari, na mchana haionekani hata kuwaka. Ikiganda ina madini mawili makuu: gregorayiti, iliyopewa jina la mwanajiolojia John Walter Gregory, na nyerereiti, iliyopewa jina la Mwalimu Julius Nyerere.

Hata humo, ndani ya tumbo la mlima, sodiamu haimo kama metali. Elektroni yake ilishaondoka zamani, na ioni zake zimepangwa kati ya kaboneti. Lakini madini hayo yameganda bila maji, na ioni ya sodiamu bado ina nafasi ya kukumbatiwa. Kwa hiyo unyevu wa hewa unapoigusa lava hiyo, weusi wake unaanza kuondoka. Ikipata mvua hubadilika ndani ya saa chache. Kwenye hewa kavu huchukua siku kadhaa. Jiwe linageuka kijivu, kisha jeupe na la ungaunga. Wanajiolojia wanaotaka kulisoma likiwa jeusi hulifungia kwenye vyombo visivyopitisha hewa mara tu linapopoa. Lile lililobaki mlimani huyeyuka kidogo kidogo kwa mvua, na maji yanayopita kwenye miamba ya volkeno ya bonde hilo hushusha chumvi zake hadi ziwani, ambako jua hulikausha tabaka la juu na watu huja kulivunja kwa majembe na kulitia kwenye magunia.